Shangazi, kila usiku najipa alama na kila usiku nafeli

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 44. Mimi ni mhasibu, nimeoa, tuna watoto wawili. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sina nafasi, na nadhani hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo langu.

Miezi michache iliyopita nilipandishwa cheo. Nikaombwa niandike wasifu wangu mfupi, nusu ukurasa tu, usomwe mbele ya wafanyakazi wenzangu. Nikakaa kwenye kompyuta. Shule, chuo, kazi ya kwanza, kazi ya pili, vyeti, cheo kipya. Nilipofika mahali pa kutaja mambo ninayoyapenda nje ya kazi, nikakwama. Mwishowe nikaandika "kusoma vitabu", na wala sikumbuki mara ya mwisho nimemaliza kitabu lini. Siku ikafika, wasifu ukasomwa, watu wakapiga makofi, nami nimesimama pale najiuliza: huyu anayesomwa ni nani? Na ndiyo yote haya?

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kujitafakari. Nilinunua daftari. Kila usiku kabla ya kulala najipa alama, kumi zikiwa ni siku niliyoishi kikamilifu: kazi, familia, afya, imani, akiba, kujiendeleza. Napata tatu, nne. Nikipata tano nashangaa. Nikishafunga daftari usingizi hauji. Napitia miaka yangu mmoja baada ya mwingine. Kwa nini nilichagua uhasibu? Kwa nini sikusafiri nilipokuwa sina majukumu? Kwa nini niliacha kuimba? Nilikuwa mwanakwaya, tena nilitunga nyimbo kadhaa ambazo watu walizipenda. Nilisimama "kwa muda tu" alipozaliwa binti yetu mkubwa. Binti huyo sasa ana miaka 13.

Nilidhani mke wangu angefurahi kuona mumewe anajirekebisha. Badala yake juzi ameniambia, "Zamani ulikuwa huna muda nasi kwa sababu ya kazi. Sasa huna muda nasi kwa sababu ya daftari." Nilikasirika, tukalala bila kusemezana. Wiki hiyohiyo binti yangu alikuwa ananisimulia mambo ya shuleni, akakatiza katikati na kuniuliza, "Baba, nimesema nini?" Sikuweza kumjibu. Na unajua nilikuwa nawaza nini, Shangazi? Nilikuwa nawaza namna ya kuwa baba bora.

Sasa nimeanza kufikiria kuacha kazi. Nina akiba inayoweza kutusogeza kwa muda. Nataka kuanza upya kabla sijachelewa, ingawa sijui hasa nianze nini. Kila ninakotazama naambiwa maisha ni mafupi, ruka tu, mengine yatajipanga yenyewe. Wapo watakaosema nimechanganyikiwa (kaka yangu mkubwa angekuwa wa kwanza, ingawa hatusemezani tangu msiba wa baba), kwamba mtu mwenye kazi nzuri na familia anatafuta nini tena.

Naomba unisaidie. Mtu anajitafakari vipi bila kuzama? Je, nimeshachelewa? Na kazi niache au nisiache?

Ni mimi, mwenye daftari.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyotaka isomwe. Mara ya pili niliangalia kila jambo umelipa nafasi kiasi gani. Cheo kimepata aya nzima, na daftari vilevile. Kaka yako amepata mabano. Wewe ni mhasibu, unajua vizuri kwamba lililo zito mara nyingi huwekwa kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa. Kwa hiyo huyo kaka tutamrudia, hata kama hukuniuliza habari zake.

Tuanze na daftari, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi.

Watu wanaopenda kuhimiza tafakari humtaja sana Socrates, aliyesema mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 KK kwamba maisha yasiyochunguzwa hayafai kuishiwa na binadamu. Ni kweli ndivyo mwanafunzi wake Plato alivyotuandikia. Lakini wanaomtaja husahau namna mzee yule alivyokuwa akichunguza. Alikuwa mtu wa barazani na sokoni, akiuliza watu maswali, akibishwa na kubisha, mchana kweupe. Tafakari yake ilihitaji mtu wa pili. Ya kwako inafanyika gizani, peke yako, ukiwa umechoka, na wewe ndiye mshtaki, shahidi na hakimu. Kesi ya namna hiyo sijui mshtakiwa atashindaje.

Alikuwepo mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili hasa: mtu mwenye huzuni akikaa anaizungukazunguka huzuni yake, anauliza kwa nini niko hivi, kwa nini mimi, kwa nini sikufanya lile. Alichokiona ni kwamba mzunguko huo hurefusha huzuni na humpunguzia mtu uwezo wa kutatua matatizo yake. Mhusika mwenyewe anaamini yuko kazini, anajielewa. Kumbe hajasogea hata hatua. Kipimo changu cha kutofautisha tafakari na mzunguko huo ni rahisi, nacho ni hiki: ukimaliza kutafakari, je, kuna jambo moja dogo unalolijua la kufanya kesho ambalo jana hukulijua? Kama lipo, ulikuwa unatafakari. Kama umebaki na alama tatu na macho makavu hadi usiku wa manane, ulikuwa unajichapa.

Na hizo alama zenyewe, mwanangu, nani aliyekwambia maisha hupimwa kwa siku? Hesabu za ofisini hufungwa kwa mwezi au kwa mwaka, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Mtoto anayelelewa vizuri haonekani saa nne usiku wa Jumanne. Urafiki vilevile, na imani, ambayo sijui unaipaje alama. Kisha umeweka vipengele sita. Mtu wa kupata kumi katika vyote sita kwa siku moja hajazaliwa, na akizaliwa sitaki kuishi naye nyumba moja.

Sikwambii uache kuandika. Kuandika kunasaidia, ila kwa namna nyingine. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambao baadhi ya wanafunzi wa chuo waliandika juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walihuzunika kidogo mwanzoni, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida tu. Tafiti za baadaye zimetoa matokeo ya kupanda na kushuka, kwa hiyo usidhani ni dawa ya kila kitu. Mimi ninachokipenda pale ni kwamba kulikuwa na mwisho. Siku nne, kalamu chini. Na waliandika habari, yenye watu na sababu na yaliyofuata, wala hawakujipa alama.

Fanya hivyo. Chagua jioni nne, mapema, kabla hujachoka. Andika habari za ule wasifu na ule mshtuko. Ukiweza, jiandikie kama unayemwandikia rafiki, ukijitaja kwa jina lako badala ya "mimi". Unaweza kuona ni mchezo wa kitoto, lakini mtafiti Ethan Kross na wenzake wameonyesha kwamba mtu akijisemesha kwa jina lake, kana kwamba anamshauri mwingine, hupata utulivu na huliona jambo kwa upana zaidi. Sisi sote tuna busara nyingi kwa shida za jirani. Baada ya hapo, daftari lifungwe, na mazungumzo yahamie kwa mkeo, mara moja kwa wiki, kwa sauti. Atakwambia mambo ambayo daftari haliwezi. Ameshaanza, ila ulikasirika.

Sasa kazi. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali uliposema unaichukia kazi yako, au inakudhulumu, au inakulazimisha kufanya usiyoyaamini. Sikupaona. Ulichosema ni kwamba wasifu wako ulijaa kazi tupu. Hilo ni tatizo la yasiyokuwemo, na kuacha kazi hakutayajaza. Utaamka Jumatatu huna kazi, na kile kipengele cha mambo unayoyapenda bado kitupu, tena sasa na wasiwasi wa fedha juu yake.

Sisemi usiache kamwe. Wapo waliopaswa kuacha zamani, na wakiniandikia nawaambia waondoke. Wewe nakwambia usiamue sasa. Umeniambia mwenyewe hujui unataka kuanza nini. Vilevile sisi binadamu ni wabovu wa kumkadiria mtu tutakayekuwa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, uliohusisha zaidi ya watu 19,000 wa umri wa miaka 18 hadi 68. Wa kila umri walikubali kwamba wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, lakini walidhani miaka 10 ijayo watabadilika kidogo tu. Yaani kila mmoja alijiona kama amefika. Kijana aliyechagua uhasibu alijiona amefika. Huyu wa miaka 44 anayetaka kuuacha naye anajiona amefika, kwamba sasa ndiyo anajijua. Mpe nafasi wa miaka 50 naye aseme neno. Punguza unachoweza kupunguza kazini kwanza. Cheo kipya mara nyingi kinakuja na vikao ambavyo hakuna anayejua vilianzaje. Hivyo ndivyo vya kuanzia.

Umeuliza kama umechelewa. Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Hutarudi kuwa kijana asiye na majukumu anayezunguka dunia na begi mgongoni. Nakwambia hivyo kwa sababu umesikia vya kutosha kutoka kwa wale wanaosema hujachelewa kwa lolote, na nadhani ndio wanaokukosesha usingizi. Ukiambiwa kila mlango uko wazi, kila usiku utahesabu milango ambayo hukuingia.

Watafiti wawili, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliandika mwaka 1994 kuhusu namna majuto yanavyobadilika kadiri muda unavyopita. Kwa muda mfupi, watu huumizwa zaidi na walichokifanya: neno walilolisema, uamuzi waliouharakisha. Lakini wakitazama nyuma maisha yao yote, wengi huumizwa zaidi na wasichokifanya. Mimi naongeza jambo moja ambalo nimeliona katika barua nyingi za wasomaji. Lisilofanywa halijawahi kushindwa. Safari ambayo hukusafiri haikukupotezea mzigo wala haikukupa homa, kazi ambayo hukuichagua haikuwa na bosi mkorofi. Ndiyo maana yanang'aa. Usiku unapolinganisha maisha yako halisi, yenye bili na uchovu, na yale ambayo hayakuwahi kuguswa na vumbi, unayaonea maisha yako.

Ila kuimba ni tofauti. Uliimba kweli, kisha ukaacha, wala si kwa sababu ulichoka. Katika barua nzima, hapo peke yake ndipo sentensi zako zilipochangamka. Kwa hiyo usiupeleke wimbo kwenye daftari la malengo, usijiwekee kwamba utarekodi albamu kabla ya miaka 46. Tafuta kwaya, yoyote itakayokupokea, ukae safu ya nyuma. Sauti itakuwa imekauka, na pumzi zitakukatikia njiani. Kijana wa miaka 20 atakusahihisha noti. Nenda hivyohivyo.

Mwanafalsafa wa Roma ya kale, Seneca, alilalamika kwamba watu ni wabahili wa mali zao lakini wakarimu mno wa muda wao, na kwamba wengi hupanga kuanza kuishi wakishafika umri ambao hawana hakika ya kuufikia. Hiyo inajulikana na kila mtu. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba hata tafakari inaweza kuwa njia ya kuahirisha. Mtu anapanga kuishi vizuri, anasoma jinsi ya kuishi vizuri, anajipima ameishi vizuri kiasi gani, na muda wote huo kuna binti wa miaka 13 amekaa mbele yake anasimulia mambo ya shuleni.

Hapo kwa binti nilisimama kidogo. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walitumia simu kuwauliza watu zaidi ya 2,000, nyakati tofauti za siku, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu nusu ya mara zote, mawazo yao hayakuwa kwenye kile walichokuwa wakikifanya, na nyakati hizo kwa kawaida walikuwa na furaha ndogo. Hata mawazo mazuri yaliyowapeleka mbali hayakuwapa furaha kuzidi kuwepo pale walipokuwa. Kwa hiyo wewe si baba mbaya kuliko wengine. Lakini uko karibu na umri ambao binti ataacha kuuliza "nimesema nini" na ataanza kusema "hamna kitu". Mwambie leo kwamba siku ile hukumsikia, kwamba ungependa asimulie tena, na simu iwe chumba kingine. Huenda akakujibu kwamba ameshasahau. Usimbembeleze, kaa tu karibu. Wakati mwingine watoto wa umri huo huanza kuongea pale mzazi anapoonekana hasubiri chochote.

Jambo la afya nalitaja kwa ufupi kwa sababu ni la lazima. Usingizi uliopotea, kujiona hufai, kukosa raha na vitu ulivyovipenda: hali hiyo ikidumu zaidi ya wiki mbili, ni ya kumwona daktari au mshauri wa afya ya akili. Ukianza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, usingoje hata kesho, mwambie mkeo usiku huohuo na mtafute msaada.

Sasa mabano.

Sijui mligombana nini kwenye msiba wa baba yenu. Nina hakika tu kwamba ukitafakari maisha yako kila usiku kwa miezi, ukapitia shule na kazi na safari na nyimbo, na aliyekua nawe tangu utoto akaonekana mara moja tu, kwenye mabano, tena kama mtu atakayekucheka, basi huo ndio ukurasa unaoukwepa. Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938 ambao umewafuatilia mamia ya wanaume kuanzia ujana wao hadi uzee. Una mapungufu yake, maana waliofuatiliwa mwanzoni walikuwa wanaume watupu, tena wa eneo moja. Lakini hitimisho ambalo viongozi wake wamelirudia kwa miaka ni kwamba uhusiano mzuri na watu wa karibu ndio unaoendana zaidi na afya na furaha ya uzeeni, kuliko fedha au umaarufu. Katika vipengele vyako sita, umeandika "familia" kwa neno moja. Sidhani kama kaka yako yumo.

Inawezekana alikukosea vibaya. Inawezekana amani haitakuja, na wapo ndugu ambao kukaa nao mbali ndiyo salama yenyewe. Kama yeye ni wa hivyo, utajua kuliko mimi, na hapo unisamehe. Lakini kama kilichowatenganisha ni maneno ya siku ngumu, siku ambayo nyote wawili mlikuwa mmefiwa na baba, basi mpigie. Amua sasa hivi siku na saa, maana nia isiyo na siku unajua ilivyokufanyia kwenye kuimba. Kwa mfano: Jumamosi asubuhi, nikishatoka nje tu, kabla sijafungua ujumbe wowote, nampigia. Usianze na yale ya msibani. Usimweleze habari za wasifu wala daftari, wala usimwombe ushauri juu ya kazi. Mwulize habari za afya yake, au za nyumbani kwake, au chochote ulichokuwa unamwuliza zamani. Dakika tano zinatosha, kisha aga.

Asipopokea, mwandikie ujumbe mfupi kwamba ulipiga kumsalimia tu. Akipokea kwa ukali, msikilize hadi amalize na usijitetee siku hiyo. Halafu niandikie tena unieleze alivyokujibu, hata kama ni matusi.

Shangazi